Naomba ushauri: kebo zisizo na halojeni kwa mashine ya kukamua alizeti

Habari zenu wakuu, hasa mafundi umeme. Tuna mashine za kukamua alizeti hapa Themi, Arusha, mota kubwa ni kilowati 15 fezi tatu, sasa tunabadilisha waya maana zile za PVC zimekauka, ukizikunja karibu na mota ganda linapasuka kama gome. Bosi anataka safari hii tuweke kebo rafiki wa mazingira, zisizo na halojeni (klorini na jamaa zake, kama iliyomo kwenye PVC), na mimi namuunga mkono, PVC ikishika moto inatoa gesi ya asidi na moshi mzito na jengo letu lina mlango mmoja tu (hiyo nayo ni kesi nyingine).

Shida ni mafuta. Chini ya mashine yanachuruzika muda wote, mashudu yanaganda juu ya waya, na naambiwa ganda la LSZH (lisilo na halojeni na lenye moshi kidogo) la kawaida halivumilii sana mafuta, la poliyurethani ndo linavumilia. Nimezunguka maduka ya mjini, wengi wanakutolea PVC ya rangi nyingine wanakwambia ndo hiyo hiyo, mmoja kanipa kipande nikakichoma, moshi mweusi tii.

Sasa wakuu, kwa waya zilizotulia kwenye trei naweza kuweka XLPE (waya za ndani zimefunikwa plastiki ya poliethilini) yenye ganda la LSZH, poliyurethani nikaiacha kwa zile zinazocheza na mashine tu? Na kwenye cheti niangalie nini, kipimo cha gesi ya asidi, IEC 60754, kinatosha au nidai na ya moshi, IEC 61034? Bei tutavumilia, ila nisije nikauziwa jina.