Mjadala: Haleluya Kuu ya Handel, tuendelee kuimba au tuache?

Wakuu, juzi mazoezini mwenzetu mmoja wa sauti ya nne kafunga nota zake akasema yeye Haleluya Kuu haimbi tena, kisa kasoma kwamba Handel, yule mtunzi wa muziki wa zamani aliyeitunga, alikuwa na hisa kwenye Royal African Company. Nikadhani maneno ya mtandaoni tu. Kumbe kweli, jina lake limo kwenye vitabu vya kampuni ile mwaka 1720, na kampuni yenyewe ndo ile iliyovusha maelfu kwa maelfu ya watumwa kutoka Afrika Magharibi kwenda ng'ambo ya Atlantiki, watu wanapigwa chapa ya moto kifuani kama ng'ombe.

Mimi nasema tuimbe. Ila tusidanganyane.

Maana wapo wanaokimbilia kusema mbona alisaidia masikini. Alisaidia, sikatai, Messiah, ile kazi yake kubwa ambayo Haleluya Kuu imo ndani yake, ilipopigwa mara ya kwanza Dublin Aprili 1742 hela ya kiingilio iliwatoa jela watu 142 waliofungwa kwa madeni, baadaye kule London akawa anaipiga kuchangia kituo cha watoto waliotelekezwa. Sasa huyo mdaiwa wa Dublin kutoka jela kunamfuta vipi chapa mama wa watu aliyeko melini? Deni la huyu hulipi kwa kumlipa yule.

Na anayesema hisa huenda alipewa tu kama malipo na matajiri aliowafanyia kazi, haya, lakini alijua kampuni inauza nini.

Kwa nini basi bado naimba? Maneno ni ya kitabu cha Ufunuo, si ya Handel. Pale sauti ya kwanza inaposhikilia "Mfalme wa wafalme" halafu inapanda ngazi moja, tena moja, sisi wa chini tunajibu haleluya haleluya, mimi huwa natetemeka kabisa, na kile kimya kabla ya haleluya ya mwisho hata watoto kanisani wananyamaza. Sioni kwa nini tuwaachie wenye hisa kitu kama hicho.

Angalieni Mkunazini kule Zanzibar, kanisa limejengwa palepale palipokuwa na soko la watumwa, watu wanasali na historia inasemwa wazi, haifichwi.

Kwa hiyo nimemuomba huyu kaka wa sauti ya nne abaki, Pasaka asimame yeye aeleze dakika mbili kuhusu zile hisa kabla hatujaanza kuimba. Mwalimu wa kwaya hajakubali, anasema tutaharibu ibada. Nyie wanakwaya mnaonaje?