Kusubu sufuria, mnavaa nini?

fundi_ngamiani: Wakuu habari, nipo Tanga hapa Ngamiani nayeyusha alumini ya skrepa nasubu sufuria, sasa dogo anayenisaidia anakuja na ndala na jezi ya mpira, nimnunulie nini kwanza maana hela ndo hivyo tena

Mzee wa Kalibu: Jezi avue leo leo! Inayeyuka inagandia kwenye ngozi. Alumini inayeyukia nyuzi 660 hiyo. Anza na buti za ngozi, suruali nzito ya pamba ipite JUU ya buti asichomekee ndani, uji wa alumini ukimwagika uteleze nje, halafu glovu na aproni za ngozi, na kioo cha kukinga uso.

bintchumba: Na maji je? Maji yakinaswa chini ya uji yanakuwa mvuke, yanapanuka kama mara 1,700, yanarusha kila kitu. Kopo lenye unyevu, koleo lililolala nje kwenye umande, vyote pasha moto kwanza. Pwani hii hakuna kitu kikavu jamani 😅

fundi_ngamiani: Sakafu yangu zege, si iko poa?

Mzee wa Kalibu: Hapana, zege lina unyevu ndani, uji ukilimwagikia linapasuka. Mwaga mchanga mkavu.