Yule bwana ameniletea bahasha ya kampeni hadi mezani, ndani ya ofisi ya serikali!

Wakuu, naandika mikono ikiwa bado inatetemeka. Yule bwana, ambaye kila mtumishi wa serikali kuu hapa Marekani anamjua hata nisipomtaja, leo asubuhi amesimama mbele ya meza yangu na bahasha ya mchango wa mgombea wake, bahasha ya kumeza mishahara ya idara nzima, akasubiri huku akinikodolea macho.

Kuomba mchango wa siasa ndani ya ofisi hizi ni marufuku tangu Sheria ya Pendleton ya mwaka 1883, iliyopitishwa baada ya Rais Garfield kuuawa na mtu aliyenyimwa cheo, enzi ambazo vyama viliwakamua watumishi sehemu ya mishahara yao kila uchaguzi ulipokaribia. Sheria ya Hatch ya mwaka 1939 nayo inamzuia mtumishi kuomba mchango huo hata akiwa nyumbani kwake siku ya mapumziko. Anayeomba ofisini anaweza kufungwa hadi miaka 3, na bado alisimama! Anayeandika tathmini yangu ya kazi ndiye aliyesimama na kusubiri!

Karani Mkongwe: Pole sana, mkuu. Wa kwetu alizunguka na orodha ya majina, na aliyekuwa hajatoa aliwekewa alama nyekundu.

Mpita Njia: Mleta uzi, umetueleza mara tatu kwamba alisimama, lakini hujatueleza kama ulitoa.

Mleta uzi: Sikutoa hata senti moja! Ningetaka kuchangia ningechangia kwa hiari yangu, nje ya kazi, kwani hilo sheria inaliruhusu. Ninachokataa ni kusimamiwa.

Dada wa Masjala: Afadhali wewe uliyeombwa ana kwa ana. Mkuu wangu hutualika kwenye chakula cha jioni cha kuchangia kampeni kwa barua pepe ya ofisi, saa za kazi, kisha huuliza ni nani hajajibu.

Karani Mkongwe: Hiyo ni mbaya zaidi, dada, ila umepata ushahidi. Ihifadhi barua hiyo uipeleke Ofisi ya Mwanasheria Maalumu, kwa kuwa ndiyo inayochunguza makosa ya Sheria ya Hatch.

Mpita Njia: Na anayevaa beji ya mgombea kazini, naye anashtakiwa huko huko? Wa kwetu ana beji mbili.

Dada wa Masjala: Huko huko. Mpige picha.