Macho ndo yanaumwa, kwa nini wakate nyama ya paja?

kope_nzito:
Habarini wakuu. Dada yangu ana miaka 31, kope zote mbili zimeshuka, tena si ghafla, ni mdogo mdogo hadi watu wakazoea kusema ndo sura yake ilivyo, ya kisinzisinzi. Akitaka kukuangalia ananyanyua kidevu, na siku hizi macho yenyewe yameganda, ukimwita kutoka pembeni anageuza shingo nzima. Cha ajabu haoni vitu viwili viwili. Kwanza walihisi maisthenia, ule ugonjwa wa misuli kuchoka haraka, akapewa vidonge vya pairidostigmini, kameza wee hakuna kitu. Sasa daktari wa neva anasema anahisi ni ugonjwa wa maitokondria, vile vijinu vya kutengeneza nguvu ndani ya seli, anataka biopsi ya msuli, yaani kukata kipande kidogo wakipime, na anataka aikate PAJANI. Mama kagoma kabisa, anasema mtoto anaumwa macho mnamchana mguu ili iweje, si wachukue damu? Mwenye uelewa anisaidie nimjibu nini bi mkubwa.

mzee wa slaidi:
Mkuu mimi niko maabara ya patholojia, mama yako kauliza swali la maana. Misuli inayozungusha jicho ni midogo mno, ukienda kukata pale unaweza kumuongezea tatizo. Ila huu ugonjwa kama ndo wenyewe haukai machoni tu, huko ndo unaonekana mapema kwa sababu ile misuli inafanya kazi kutwa nzima na inakula nguvu nyingi, lakini pajani au begani nako upo hata kama mtu anatembea vizuri tu. Kipande kikija tunakikata vyembambaaa, tunapaka rangi ya Gomori, hiyo ilianza kutumika kwenye misuli 1963, zile nyuzi mbovu za msuli zinatoka na ukingo mwekundu uliochanikachanika, maana maitokondria mbovu zimejazana pale pembeni. Halafu tunapima vimeng'enya, COX pamoja na SDH, nyuzi nzima zinakuwa kahawia na zilizokosa COX zinabaki bluu, unaziona zimetawanyika moja moja. Kwa mzee wa miaka 70 nikikuta chache sishtuki, ni umri, kwa wa 31 nashtuka.

Sasa hapa msimamie kweli kweli: ulizeni KABLA ya kisu kama kipande kitagandishwa hapo hapo kwenye isopenteni iliyopozwa kwa naitrojeni ya maji. Wakikitumbukiza kwenye formalini, ile dawa ya kuhifadhia vipande, kile kipimo cha vimeng'enya sahau, ni kama umechemsha yai halafu unataka litotolewe.

shemeji wa Mbagala:
Mimi ninao huo. Damu yangu ilipimwa ikatoka safi, wakaniambia huna kitu nenda nyumbani, kumbe kasoro ilikuwa kwenye msuli. Nikaja kukatwa pajani, wanakuchoma ganzi unabaki macho unaongea nao, uchungu wa ganzi yenyewe ndo nilioukumbuka, baadaye paja linauma kama umepigwa teke na unachechemea kidogo, basi. Ila hilo la formalini limenikuta, kipande cha kwanza hospitali moja walikitia humo na ikabidi nikatwe tena kwingine, nilinuna hatari.

dokta_wa_zamu:
Niongezee hapo kwenye damu. Ugonjwa huu mara nyingi ni kipande cha DNA ya maitokondria kimepotea, kinachojulikana zaidi ni cha herufi 4,977 kati ya 16,569. Seli za damu zinazaliwa upya kila mara, zenye kasoro zinapungua taratibu hadi mtu mzima unakuta hamna, lakini nyuzi za msuli hazibadilishwi hivyo, mbaya zinazidi kulundikana. Watafiti wa London ndo walioonyesha hilo pengo kwenye misuli ya wagonjwa 1988, tena damu za wagonjwa hao hao hazikuwa nalo. Isipokuwa kama kwenye ukoo wapo wengine wenye kope hivyo, hapo chanzo kinaweza kuwa jeni kama POLG au Twinkle, na hizo damu inazionyesha, unaweza usikatwe kabisa. Na kama anapaliwa sana akila waseme, kuna ugonjwa mwingine wa kope na koo ambao nao unapimwa kwa damu tu.

Alianza lini hasa? Na ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, kashapimwa?

kope_nzito:
Kwenye ukoo hakuna dokta. Kuanza nadhani fomu tuu, picha za shule kope moja tayari iko chini. ECG bado, macho yanahusianaje na moyo?

dokta_wa_zamu:
Yanahusiana sana. Ukianza kabla ya miaka 20 lazima tuwaze aina inayoitwa Kearns-Sayre, iliandikwa 1958, humo umeme wa moyo unaweza kukatika mtu akaanguka ghafla, na dawa yake ni kuwekewa pesimeka, kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, mapema. Kwa hiyo biopsi isubiri, ECG kesho asubuhi, na daktari wa macho aangalie retina, ule utando wa nyuma ya jicho. Kama ashawahi kuzimia hata mara moja msingoje kesho.

kope_nzito:
Kuzimia hapana. Kesho namwahisha, mama nimemsomea yote amenyamaza, afadhali. Kope zenyewe hawawezi kuzipandisha?

shemeji wa Mbagala:
Wanaweza ila waambie waende taratibu, jicho letu likifumbwa halipandi juu kujificha, wakivuta kope sana unalala macho wazi kioo cha jicho kinakauka kinapata vidonda. Mimi miwani yangu imefungwa kiwaya ndani kinachoshikilia kope, kinasumbua ukipepesa lakini gazeti nasoma.