Re: Nihamie mtaa gani Berlin? (na Anmeldung, kujiandikisha anwani, imegoma)

Mgeni wa Wedding aliandika:

Habari zenu wana Berlin, shikamoo kwa wakubwa. Nimetoka Leipzig, nimepata kazi ya Pflege (uuguzi) hospitali moja huku, kwa sasa niko Zwischenmiete (chumba cha kupanga kwa muda) Wedding karibu na Seestraße kwa mdada aliyesafiri kwao mpaka mwezi wa nne. Leo nilikuwa na Termin (miadi) ya Anmeldung Bürgeramt, ofisi ya wakaazi, Termin yenyewe mnajua inavyopatikana, nimefika pale mama wa mezani kachukua WGB yangu (karatasi ya aliyenipa chumba kuthibitisha nakaa hapo), kaiangalia, kaweka kidole kwenye mstari wa Eigentümer, mwenye mali, ambao uko wazi, kanirudishia karatasi zangu kama zilivyo. Mdada amesaini kama Hauptmieter (mpangaji mwenye mkataba), na mwenye jengo hata yeye hamjui, kodi anatuma kwa Hausverwaltung, wasimamizi wa jengo, basi. Sasa nafanyaje?

La pili ndo linaninyima usingizi. Natafuta pa kukaa moja kwa moja, nina binti wa miaka mitano bado yuko Leipzig kwa mama yake mdogo anamalizia Kita (chekechea), Frühdienst yangu, zamu ya asubuhi, inaanza saa kumi na mbili asubuhi, sitaki kelele na sitaki kukaa mahali ambapo sisi wawili ndo weusi peke yetu. WBS, cheti cha nyumba za bei nafuu, nimeomba sijajibiwa. Nyie mliotangulia, mtaa gani unanifaa?

Msee wa Neukölln aliandika:

Niaje siz, karibu Berlin. Kuja Neukölln manze, huku huwezi kujiskia mgeni, kila mtu ni mgeni. Unga wa ugali unapata, nywele unasukwa, daktari anayeongea lugha tatu yuko. Kelele iko, sitakudanganya, Ijumaa watu wanaongea chini ya dirisha yangu mpaka saa tisa usiku na ukiita polisi juu ya Ruhezeit (saa za utulivu) watakuja saa hizo umeshaamka kwenda job. Mimi niko Hinterhaus (jengo la nyuma) gorofa ya kwanza, jua naionea kwa jirani wa juu. Lakini sihami.

Hiyo maneno ya Anmeldung, usicheze nayo, bila Anmeldung hupati Steuer-ID (namba ya kodi ya mapato) na bila Steuer-ID watakukata Steuerklasse 6, daraja la makato makubwa kabisa, mpaka ulie.

Mama Pacha aliandika:

Msee, soma kwanza. Dada katoka LEIPZIG. Steuer-ID anayo, ile namba ukishapewa ni ya maisha, haibadiliki ukihama mji. Msimtishe mwenzenu bure.

Dada Mgeni, pole na hongera ya kazi. Kwangu mimi mtaa unachaguliwa na shule, hayo mengine utazoea. Binti yako akitimiza sita kabla ya mwisho wa Septemba anaanza shule mwaka huohuo, na uandikishaji wanafanya vuli ya mwaka uliotangulia, na Grundschule (shule ya msingi) unayopangiwa inafuata anwani ulipojiandikisha, hukai Wedding ukamsomesha Zehlendorf kwa kupenda tu, unaweza kuomba nyingine lakini ni maombi. Na Grundschule ya Berlin ni miaka sita siyo minne kama huko Saxony, kwa hiyo hapo utakapomwandikisha ndo atakua hapo. Mimi sikuangalia kodi kwanza wala picha za jiko. Niliomba ruhusa kazini asubuhi moja, nikaenda kusimama karibu na geti la shule wakati watoto wanaingia, nikaangalia wanavyosalimiana, nani anatembea na nani, wazazi wanaongea lugha gani. Halafu nikapita mlango kwa mlango nasoma majina kwenye Klingel (kengele za mlangoni). Ukikuta majina ya kila aina kwenye jengo moja, Kituruki, Kipolishi, Kijerumani, Kighana, hapo hutakodolewa macho kwenye ngazi. Ndivyo nilivyofika Reinickendorf na pacha wangu na sijajuta.

Na huko uliko sasa bandika jina lako kwenye sanduku la barua LEO, hata kwa karatasi na gundi ya plasta. Mpeleka barua wa Kijerumani akikosa jina anairudisha barua ilikotoka, hata kama anakuona dirishani.

Mzee wa Spandau aliandika:

Marahaba mwanangu. Mimi nilikuja kusoma enzi za DDR (Ujerumani Mashariki), Berlin naijua tangu ukuta umesimama. Wedding na Reinickendorf usikae, ndege zitakupasua masikio, zinashuka Tegel juu ya mapaa unaona mpaka matairi. Njoo Spandau. Kuna mto, kuna miti, majirani wakisema Guten Tag wanamaanisha. U7 inakupeleka mjini bila kubadilisha.

Sheria Kidogo aliandika:

Mzee wetu shikamoo, ila kwa heshima zote Tegel ilifungwa Novemba 2020. Hakuna ndege. Zote ziko BER, uwanja mpya.

Sasa suala la dada. Naomba niliweke sawa kwa sababu naona linazungukwa. Wohnungsgeber, yaani aliyekupa chumba, si lazima awe mwenye jengo. Ukipanga kwa mpangaji, huyo mpangaji ndiye Wohnungsgeber wako na sahihi yake inatosha, soma § 19 BMG, sheria ya kujiandikisha. LAKINI kifungu hichohicho kinataka jina la mwenye mali liandikwe kama si yeye aliyekupa chumba, ndo maana umerudishwa, mama wa mezani hakukosea hata kidogo. Dawa yake ndogo. Mwambie huyo mdada afungue Mietvertrag (mkataba wa kupanga) yake ukurasa wa kwanza, pale kwenye Vermieter (mpangishaji) mara nyingi pameandikwa jina la mwenye nyumba halafu chini yake "vertreten durch" (anawakilishwa na) na jina la Hausverwaltung. Anakili lile la juu. Kama halipo aiandikie Hausverwaltung barua pepe. Na Bürgeramt yoyote ya Berlin inakupokea, siyo lazima ya Wedding, tafuta hata Köpenick.

Sheria inakupa wiki mbili toka ulipohamia. Ukichelewa kidogo ukionyesha ulikuwa na Termin kwa kawaida hawakusumbui, ila weka ile imeili ya kuthibitisha Termin usiifute.

Msee wa Neukölln aliandika:

Hapa Sheria ameongea. Swali tu, kwani huyo mdada ako na Untermieterlaubnis (ruhusa ya kupangisha mtu mwingine)? Juu kama hana na anaanza kuulizia Hausverwaltung jina la landlord, watamuuliza ni ya nini. Rafiki yangu alitolewa kwa nyumba hivyo.

Mgeni wa Wedding aliandika:

Asante Sheria, Mungu akubariki. Nimemwandikia. La Erlaubnis sijamuuliza na sasa naogopa kuuliza. Mama Pacha jina nimeshabandika.

Jamani na lile la mtaa? Spandau mtu wa Frühdienst anafikaje mjini siku za kazi? U-Bahn si zinalala usiku? Na si ni kanda C ya nauli kule?

Mzee wa Spandau aliandika:

Nani kakwambia Spandau ni C? Spandau ni Berlin! Ni B. C ni Potsdam na huko kwenye uwanja wao mpya wa ndege. Watu wanaisema Spandau kama Bagamoyo na Dar, hawajawahi hata kufika.

Mama Pacha aliandika:

Kanda siyo tatizo dada, chukua Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya nchi nzima, toka Januari 2026 ni Euro 63, uliza kazini kama wana Jobticket, ile mwajiri anachangia. Cha kuangalia ni saa. Jumapili hadi Alhamisi U-Bahn zinapumzika kama saa saba usiku mpaka saa kumi alfajiri, hapo katikati ni mabasi ya N, ya usiku. Tramu za M zinatembea usiku kucha, M13 unayo hapohapo Seestraße. Kabla hujasaini nyumba yoyote iende hiyo safari yenyewe, saa yenyewe, siku ya kazi, tena ikiwa mvua ndo vizuri. Ramani itakuambia dakika 35, haikuambii unasubiri wapi na nani yuko hapo kituoni.

Mtu wa Lindi aliandika:

Nyie mnamzungusha huyu dada wakati yuko tayari kwenye mtaa wetu. Toka Seestraße panda U6 vituo viwili tu kwenda juu, Afrikanische Straße, una Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, unatembea kama uko kwenye jiografia ya darasa la tano. Na ile Petersallee imekufa, toka Agosti 2024 kipande kimoja ni Maji-Maji-Allee kingine Anna-Mungunda-Allee. Mkono wa Damu, Carl Peters yule mkoloni, kafutwa kwenye kibao na babu zetu wameandikwa. Mimi siku ile nilisimama pale nikalia, mtu wa kusini anajua 1905 ilikuwa nini.

Msee wa Neukölln aliandika:

Na hapo karibu, Rehberge, Hagenbeck yule mfanyabiashara wa wanyama alitaka kuweka zoo ya wanyama na watu wetu. Siwezi ishi hapo bure. Sansibarstraße na hakuna Mzanzibari.

Mtu wa Lindi aliandika:

Wapo. Wewe hujaalikwa tu.

Sheria Kidogo aliandika:

Tuwe makini na historia pia. Jina la Petersallee lilitolewa 1939 kwa Carl Peters, halafu 1986 wakasema sasa ni Hans Peters, mtu mwingine kabisa mwenye jina hilohilo, kibao hakikuguswa. Wakaazi waliopinga kubadilisha walifika mpaka mahakamani, imechukua miaka.

Mama Pacha aliandika:

Vibao ni vizuri, sikatai. Rais wa Ujerumani alikwenda Songea 2023 akaomba msamaha, nikashangilia. Lakini mama yangu ni mjukuu wa watu hao wa Songea, na visa ya kuja kuwaona wajukuu wake wiki sita amenyimwa, na Verpflichtungserklärung (hati ya mdhamini) niliweka na payslip zote. Wanasema hawana uhakika atarudi. Arudi asirudi, ana shamba la mahindi, ana mbuzi, ana kikundi cha kanisa, atakaa Reinickendorf kufanya nini?

Mtu wa Lindi aliandika:

Pole sana mama. Na mjusi wetu wa Tendaguru, ile dinosaria, yeye hakuombwa visa. Amesimama pale Naturkundemuseum, makumbusho ya hapa Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu, watoto wa Kijerumani wanalipa kumwona. Wamechimba Lindi toka 1909 mpaka 1913 na Lindi hakuna hata mfupa mmoja wa kuonyesha mgeni.

Mzee wa Spandau aliandika:

Kijana, ukimrudisha leo utamweka wapi? Utamjengea banda? Hili tumelijadili toka sijaota mvi.

Mtu wa Lindi aliandika:

Banda tutajenga mzee. Kama wao waliweza kubeba tani zile vichwani mwa babu zetu mpaka bandarini, na sisi kujenga tutaweza.

Msee wa Neukölln aliandika:

Nyinyi Watz kwanza mpate dual citizenship ndio muongee dinosaur. Sisi katiba ya 2010 ilimaliza hiyo stori, Ujerumani nayo ikafungua Juni 2024, sasa mimi niko na mbili kwa mfuko. Na mtu wa Pflege mwenye Kijerumani C1 anaweza pata ya hapa na miaka mitatu.

Sheria Kidogo aliandika:

Ya miaka mitatu IMEFUTWA Oktoba 2025. Kwa kawaida ni mitano. Tafadhali msiandike kitu bila kuangalia, watu wanakuja na mafaili yao mkononi wanarudishwa.

Mama Pacha aliandika:

Na sisi Watanzania wa nje tunaambiwa hadhi maalum. Hadhi maalum siyo pasi.

Mgeni wa Wedding aliandika:

Samahani kuwakatisha, mdada kanijibu. Jina la mwenye jengo liko kweli ukurasa wa kwanza, ni kampuni. Anauliza kama kampuni inahesabika kuwa Eigentümer au lazima awe mtu?

Msee wa Neukölln aliandika:

Company ni sawa. Halafu wasee, kuna mtu ako na gari kubwa Jumamosi? Niko na friji inatoka Moabit kwenda Britz, ni ya gorofa ya tano, lifti hakuna.