Kura ya rais: tugombanie asilimia 50 au karatasi ya kituoni?

Wa Kizota (Leicester)

Mbukwenyi ndugu zangu. Mjadala wetu wa jana, kama rais lazima avuke nusu ya kura zote, umeng'ang'ania asilimia. Tuliweke hili sawa kwanza: ibara ya 41(6) ya Katiba yetu ya Tanzania inampa urais mwenye kura nyingi kuliko wenzake, basi. Sharti la kuvuka nusu liliondolewa kwenye mabadiliko ya mwaka 2000. Wengi mnataka lirudi, nami sina ugomvi nalo. Ila angalieni matokeo yaliyotangazwa tangu 1995. Ushindi mwembamba kuliko wote ni wa Magufuli mwaka 2015, na hata huo ulikuwa 58.46 dhidi ya 39.97 za Lowassa. Hakuna hata mmoja ambaye duru ya pili ingemgusa.

Kinachouma ni 41(7). Tume ya Uchaguzi ikishatangaza rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza. Diwani wa Kizota unaweza kumfungulia kesi, mbunge wa Dodoma Mjini hali kadhalika. Rais, hapana. Mahakama ya Afrika pale Arusha ilitamka Julai 2020, kwenye shauri la Jebra Kambole, kwamba kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Wala si kwamba dawa haijulikani: Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa hapo hapo Dodoma na Bunge Maalumu la Katiba Oktoba 2014, ilikuwa nayo yote mawili, zaidi ya nusu ya kura na kesi Mahakama ya Juu. Kura ya maoni ikapangwa 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na ndiyo ikawa imetoka hiyo.

Wa Manyoni (Minneapolis)

Kaka, nusu usiidharau hivyo. Malawi 2019 Mutharika alitangazwa na asilimia 38.57, Chakwera 35.41. Yaani sita kati ya kila kumi hawakumtaka aliyeapishwa. Februari 2020 mahakama ikafuta, ikasema wingi wa kura maana yake ni zaidi ya nusu. Uliporudiwa Juni, Chakwera akapata karibu 59. Huku Marekani niliko ndiyo kichekesho kabisa: mwaka 2016 Clinton alimzidi Trump kura karibu milioni 2.9 na akashindwa, kwa kuwa wanaohesabiwa ni wajumbe 538 wa majimbo na mwenye 270 ndiye rais.

Wa Kizota (Leicester)

Malawi umenisaidia mimi, mjomba. Majaji walifikaje kwenye hiyo nusu? Walianzia kwenye fomu za matokeo zilizopakwa Tipp-Ex, ule wino mweupe wa kufutia. Bila fomu na bila mlango wa mahakama, 38.57 ingebaki kuwa ushindi.

Wa Kongwa (Nairobi)

Niingie hapo kwenye fomu, maana ndipo kura inapoibiwa au kusalimika.

Kenya 2022 ilikuwa na vituo 46,229, kila kimoja na wapiga kura wasiozidi 700. Kura zikihesabiwa, msimamizi anajaza fomu 34A, ya matokeo ya kituo, mawakala wa wagombea wanasaini, inapigwa picha na kupandishwa kwenye tovuti ya tume. Majimbo 290 yanajumlisha kwenye 34B, taifa kwenye 34C. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo, lakini picha zilikuwa wazi na yeyote mwenye kikokotoo alijumlisha mwenyewe. Ruto 50.49, Raila 48.85, mahakama ikayathibitisha 5 Septemba. Miaka mitano nyuma mahakama hiyo hiyo ilifuta ushindi wa Uhuru Kenyatta.

Sasa fomu yenyewe inasomwaje? Mfano wa kubuni: waliojiandikisha 420. Karatasi zilizopokelewa 450, zisizotumika 135, zilizoharibiwa na mpiga kura akapewa nyingine 4, zilizokutwa sandukuni 311. Jumlisha 135, 4 na 311, lazima irudi 450. Kisha kura halali 304 na zilizokataliwa 7 zirudi 311. Hesabu hizo mbili zikikubali, ndipo uangalie za wagombea. Wengi wanarukia jina la mtu wao, karatasi zisizotumika hawazitazami, na hapo ndipo kura za kujazwa zinapojificha.

Si kila kosa ni wizi. Mtu ameamka alfajiri, anajaza fomu usiku kwa tochi ya simu, 197 inakuwa 179. Wahasibu wana ujanja wao: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki, kuna uwezekano mkubwa tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Hapo 18, inagawanyika. Makosa ya uchovu huwaumiza wagombea wote, huku na kule. Yakimwangukia mmoja tu kituo baada ya kituo, huo si uchovu. Mwandiko mmoja kwenye vituo vitano nao si uchovu.

Na muda. Kenya unapewa siku 7 kufungua kesi, majaji siku 14 kuamua. Ni fupi mno kuhesabu upya masanduku mengi. Lakini Ghana baada ya uchaguzi wa Desemba 2012 hukumu ilitoka mwishoni mwa Agosti 2013, rais ameshakaa ofisini miezi. Kati ya mabaya hayo mawili nachagua siku 14.

Wa Ikungi (Stuttgart)

Dada, somo limeeleweka. Ila fomu inaanza kazi saa 10 jioni vituo vikifungwa. Oktoba 2025 mambo yalikwisha mapema zaidi. Chadema haikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi Aprili, ikawekwa nje. Lissu, mtoto wa kwetu Singida, alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Mpina, mgombea wa chama cha ACT, akaenguliwa. Asilimia 97.66 alizotangaziwa Rais Samia baada ya hapo unaihakiki kwa kikokotoo gani? Fomu zote zingeweza kuwa safi kama maji ya mtungi. Waangalizi wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na wa Umoja wa Afrika wenyewe walisema viwango havikufikiwa. Na intaneti ilizimwa siku ile ile ya kura, sasa hiyo tovuti ungeifungulia wapi?

Wa Kongwa (Nairobi)

La walioenguliwa sina jibu, fomu haiwezi kulitibu. Lakini ilitangazwa pia kwamba waliojitokeza ni karibu asilimia 87. Hiyo ndiyo tarakimu ambayo fomu za vituo zingeithibitisha au kuiumbua, hata kama mgombea angekuwa mmoja.

Wa Area C (Dubai)

Samahanini wakubwa, sisi wa nje tunapigaje?

Wa Kongwa (Nairobi)

Hatupigi, mdogo wangu. Kujiandikisha ni kwa kufika mwenyewe, alama za vidole na picha, na unapiga kwenye kituo ulichojiandikisha. Ukichukua pasipoti ya nchi nyingine umeupoteza uraia na kura pamoja. Hadhi maalumu ya diaspora, ile wanayopewa wenye asili ya Tanzania walio raia wa nje, haiirudishi. Wakenya mwaka 2022 walipiga wakiwa nchi 12, hata huko Dubai uliko, ila kura ya rais peke yake.

Unachoweza ni kumsaidia ndugu aliye wakala. Barua ya utambulisho na kiapo avikamilishe mapema, maana wakala hurudishwa mlangoni kwa sababu hiyo. Awe na daftari, kalamu mbili na tochi. Asisaini fomu tupu. Akikataliwa nakala, aandike tarakimu zote kabla hajatoka, kisha alinganishe na tangazo la matokeo lililobandikwa mlangoni mwa kituo. Kutangaza mshindi ni kazi ya Tume, nyie tunzeni tarakimu. Atume kwa ujumbe wa kawaida wa simu usiohitaji intaneti: kata, kituo, waliojiandikisha, zisizotumika, za sandukuni, zilizokataliwa, halafu wagombea kwa mpangilio wa karatasi ya kura. Herufi 160 zinatosha, akiacha salamu.