Kwilti ya makoti ya Baba: uzi gani, mgongo gani, na ndani niweke nini?

Kutoka: binti wa Nakuru, sasa Minnesota

Hamjambo wote. Najua humu tunaulizana mambo ya viza na nani anakuja nyumbani Disemba ana nafasi ya kilo mbili, lakini leo niko na swali la cherehani, mnivumilie.

Baba alituacha mwaka jana. Nilipokuja mazishi Mama alinipa makoti yake matatu na suti mbili, moja ni ile koti nzito ya reli aliyokuwa anavaa shifti za usiku pale stesheni, akaniambia niende nazo kwa sababu hawezi kuwa anafungua kabati anaziona zimening'inia. Nimekaa nazo hapa miezi na sasa nataka kuzikata viraka nimshonee Mama kwilti ya kitanda chake, yaani lile tandiko la viraka juu, kitambaa cha mgongo chini na pengine kitu cha joto katikati, kitanda ni kile cha tano kwa sita, nimletee Disemba. Video nimetazama mpaka macho yakauma na kila mtu anasema lake, huyu anasema uzi wa pamba pekee huyu anasema poliesta, ndani wengine wanaweka kitu nene kama godoro wengine hawaweki chochote. Mimi naweza kushona mstari ulionyooka na basi. Kuna mtu humu ameshafanya kitu kama hiki na sufu?

Kutoka: Mama wa cherehani, Nakuru (zamani Leicester)

Binti yangu, pole tena kwa Mzee. Gadi wa reli wa zamani tunawajua, zile koti zao ukivua ukaweka chini zinasimama zenyewe.

Mimi nilikaa Leicester miaka 14 na huko ndiko nilijifunza hii kazi, kwa sketi za sufu za maduka ya mitumba ya hisani, na kosa langu la kwanza ndilo nataka likuponye. Nilishona kwilti nzuri sana, juu sufu, ndani ile poliesta nene, mgongo kitambaa cha flana kipya kutoka dukani moja kwa moja haijaguswa na maji. Nikaipeleka kufuliwa kwa mashine za kulipia, maji moto, nikaenda zangu sokoni. Kurudi nakuta sufu imesinyaa ikarudi ndani, flana imerudi kivyake, ile poliesta haijarudi hata kidogo, kitu chote kimefura na kukunjana kama chapati iliyokandwa vibaya. Nililia pale pale, na watu wanatazama.

Kwa hivyo kabla ya uzi, kabla ya mgongo, jiulize nani ataifua. Wewe unashonea Mama, na Mama yuko Nakuru, na hapa kwilti haiendi kwa mashine, itafuliwa na mama fua kwenye karai, ataimwagia maji ya moto na sabuni ya unga, ataisugua kwa nguvu zake zote kwa sababu analipwa kusugua, halafu ataitupa kwa kamba ikining'inia na maji yote. Ukishona ya kuvumilia hayo umemaliza. Usijidanganye ati utaandika maagizo kwa karatasi.

Basi kila kitu kipite majini kabla ya mkasi. Fumua makoti kwanza, toa bitana, toa yale mabega, toa vifungo na ile kanvasi ngumu ya kola. Vipande vyenyewe vitie ndani ya foronya uzifunge, maana sufu hutoa manyoya ya kuziba mashine ya watu, halafu maji moto na ile mashine ya kukausha. Kinachotaka kusinyaa kisinyae sasa. Koti nzito zitashikana ziwe nene na zisizochambuka pembeni, hizo ni raha kushona. Suti ni kitu tofauti, uzi wake umesokotwa ukakazwa, haishikani vile, inachambuka, ikitoka imekunjana ipige pasi juu ya kitambaa kibichi, uweke pasi uinue, uweke uinue, usiburute. Halafu nyuma ya vile vipande vya suti bandika ile kitambaa ya gundi ambayo mafundi huweka kwa kola, ili uzito wake ukaribie wa koti, la sivyo koti itaivuta suti mpaka iraruke.

Uzi. Wa kuunganishia viraka tumia poliesta ya kawaida nzuri, ile ya kushonea nguo, rangi ya kijivu iliyokolea itapotea kwa kila kitu cha Mzee. Hao wa pamba peke yake wana sababu zao kwa kwilti za pamba nyembamba, pamba na pamba zizeeke pamoja, lakini kwa koti ya reli sioni haja. Nisichokubali ni uzi wa nailoni wa mafundi viti. Una nguvu kuliko kitambaa, siku mtoto akivuta haitakatika nyuzi bali sufu yenyewe, na nyuzi iliyokatika nitashona tena kwa dakika mbili, sufu iliyoraruka nitafanya nini? Sindano namba 16, hatua ya kushona ndefu, milimita 3 na nusu hivi, na pembeni acha nusu inchi kamili, ile robo inchi ya kwenye video ni ya pamba. Mshono ufungue upige pasi pande zote mbili, usiulaze upande mmoja, utakuwa na kigongo hapo.

Ndani: usiweke kitu. Najua utaona kama unamdhulumu Mama lakini piga hesabu. Kitanda cha tano kwa sita ukitaka ishuke futi moja kila upande na miguuni, ni kama inchi 84 kwa 84. Koti za namna hiyo peke yake zitafika kilo mbili na nusu au zaidi, flana karibu kilo moja, na hiyo ni kavu. Ikilowa na ukaongeza pamba ndani hakuna kamba Nakuru itaibeba, na haitakauka siku mbili mwezi wa saba. Kama roho haitulii weka shiti nyepesi ya flana iliyochakaa katikati, ama lile blanketi la Raymond la Eldoret kama Mama bado anayo moja imebaki nyembamba kama gazeti. Usije ukanunua ile fiba ya mito inayouzwa kwa kilo, itakimbilia pembe moja yote.

Mgongo flana ya pamba, ioshe mara mbili kwanza, na ikate izidi ile sehemu ya juu ya viraka kwa inchi nne kila upande. Satini usiguse, kwilti nzito yenye mgongo wa satini hulala chini ya kitanda asubuhi, Mama yuko juu na baridi yake.

Kutoka: mdogo wenu, Kisumu

Shikamoo Mama. Mimi nasoma haya niko Kisumu fulana imenishika mgongoni saa tatu usiku, nyinyi watu wa Nakuru mna matatizo yenu. Hapa shuka moja na neti.

Lakini nina moja ya kuongeza sababu ilinipata. Marehemu nyanya yangu aliacha shali za sufu, tukazifungia kwa sanduku, tulipofungua ni mashimo tupu, nondo wamekula. Yule anayekula si yule anayeruka, ni wale viluwiluwi wake. Dada kabla ujaanza kushona, kama makoti yalikaa kabatini mwaka mzima, yafunge kwa mfuko wa plastiki uyaweke kwa friza wiki nzima. Huko kwenu hata nje inatosha miezi fulani lakini friza ndio ya uhakika.

Na jambo jingine dogo, ukimuuliza fundi wa hapa kuhusu "sufi" atafikiria ile ya mti, ya mito ya Pwani. Sema sufu, na useme ya kondoo, kama wale wa Molo. Nilishawahi kuletewa gunia.

Kutoka: kaka yenu, Leeds

Za huko. Mimi sishoni lakini mke wangu anashona na amenituma. Ile kitu ya katikati huku Uingereza dukani inaitwa wadingi na Marekani inaitwa batingi, ukisoma maelekezo ya huku usichanganyikiwe ni kitu kimoja. Na vitambaa vya kwilti huko Marekani ni vya upana mdogo, inchi 42 mpaka 44, kwa hivyo kama mgongo unataka uwe 92 kwa 92, yaani zile 84 na inchi nne kila upande, hata ukiunga vipande viwili hutafika, itabidi vitatu, hiyo ni karibu yadi 8. Tafuta ile ya mgongo yenye upana wa inchi 108, yadi 3 zinakutosha na hakuna mshono katikati. Kule dukani tulikokuwa tunamwagiza shemeji yangu, Joann, wamefunga maduka yote mwaka 2025 kwa hivyo itabidi onlaini ama duka dogo la mtaani.

Na mizigo: ule mfuko wa kunyonya hewa unapunguza unene, haupunguzi kilo. Nimeona mtu analipishwa hapo kaunta huku akieleza kwamba begi ni dogo. Pima nyumbani.

Kutoka: binti wa Nakuru, sasa Minnesota

Anti asante sana, kaka zangu pia. Nimecheka ya mama fua mpaka nikalia kidogo, kwa sababu ni kweli, yule wetu anafua jinzi kama anapigana nayo.

Nimefumua. Friza imejaa Baba sasa hivi, mwenzangu ninayeishi naye amefungua kutafuta aiskrimu akakuta koti. Nilichoma uzi mmoja mmoja kutoka kila nguo kama video moja ilivyosema. Koti ya reli na ile ya kijivu zilinuka kama nywele na majivu yakasagika kwa vidole, sawa. Suti moja pia. Lakini koti ya tatu, ile ya kwenda kanisani aliyokuwa anajivunia ati ni sufu safi ya Uingereza, ilinuka nywele halafu ikabaki na kijidonge kigumu cheusi. Ndio kusema alidanganywa? Niitoe?

Halafu la mwisho. Koti ya reli ina mfuko wa ndani na ndani yake nimekuta peni na karatasi ya madeni ya chai ya wenzake. Sijui nifanye nini na mfuko, nimeushika mkasi mara tatu nimeuweka. Na sijui vile nitashona matabaka pamoja, mashini yangu ni ndogo haipiti hapo kwenye mishono.

Kutoka: Mama wa cherehani, Nakuru

Mwanangu, hakudanganywa sana. Kijidonge ni poliesta, na harufu ya nywele ni sufu, hiyo ni mchanganyiko. Itumie, ila haitasinyaa sawa na zile zingine, kwa hivyo ipitishe maji kama zote, kisha upime na ukate baada ya hapo, usikate viraka kabla ukidhani vitabaki saizi moja. Na Mama usimwambie.

Matabaka usishone na mashini, yafunge mafundo. Nilisahau kukwambia mara ya kwanza na ndiyo sehemu rahisi. Tandika mgongo sakafuni, ubandike na tepu uwe umenyooka bila kuvutwa, laza juu viraka, shika kwa pini kubwa. Chukua uzi wa kufuma wa sufu halisi, akriliki inateleza fundo linafunguka, ama uzi mnene wa kroshia wa pamba. Sindano kubwa, shuka, panda, kulia juu ya kushoto halafu kushoto juu ya kulia, vuta, kata uache inchi moja. Kila baada ya inchi tano au sita, kwenye pembe ambapo viraka vinakutana kwanza. Ukifunga na sufu, mama fua mwenyewe atakukazia hayo mafundo kila akisugua. Magoti yatauma, weka mto. Pembeni mwisho ukunje ile flana iliyozidi ije mbele, ipige mshono mmoja, huna haja ya kitambaa kingine.

Mfuko kata koti ukiuzunguka, kipande kizima na mfuko wake, kiwe kiraka kimoja kikubwa uache mdomo wake wazi. Kiweke upande wa kichwani ambako mkono wa Mama unafika akiwa amelala. Peni itoe, itavuja. Karatasi ya chai usiiweke ndani mpaka ufike Nakuru, na umwambie Mama aitoe kabla ya siku ya kufua.